Neno lililotaka kuniachisha safari

Butembo, Alhamisi jioni

Karibu nikose safari ya msituni kwa sababu ya neno moja. Barua ya shule inasema tutapanda hadi hifadhi ya mlimani kuona wanyama “endémiques”. Mama alipofika hapo aliweka kalamu chini.

“Endémique? Hiyo ni neno ya magonjwa. Ebola ilitutosha. Hapana kwenda!”

Nilikasirika kidogo. Lakini mama hakukosea sana: neno hilo amelisikia redioni, daima pamoja na malaria na kipindupindu. Na wakati wa Ebola ni yeye aliyenawa mikono kwa maji ya klorini kila asubuhi kabla ya kuingia sokoni.

Nikamweleza kama mwalimu alivyotufundisha. Kwa wanyama, maana yake ni kiumbe anayeishi mahali pamoja tu duniani. Kuna chura wa milima yetu ambaye hata Kinshasa hawamjui.

“Hata Ulaya?”

“Hata Ulaya, mama.”

Akafikiri. “Donc, miye pia niko endémique! Tangu nizaliwe, hata Goma sijafikaka.”

Tulicheka mpaka maharagwe yakaanza kuungua. Kisha akatia sahihi, jina lake lote, polepole.

Barabara ya kwenda huko bado inanitia hofu. Walimu wakisema si salama, tutabaki darasani, na sitaweza kumlaumu mtu. Lakini barua nimeshaiweka ndani ya daftari, na nadhani tutaenda.

Sasa hivi mama amepita hapa mlangoni: “Ukimuona ule chura, umusalimie. Umuambie mwenzake iko Butembo.”

Nitamwambia.