Mwanya Usiotiwa Saruji

Odile, uko?

Baba amekuja leo kujaza mianya ya mawe ukingoni mwa bwawa letu la kuogelea. Unamjua, nusu ya mabwawa ya huku Uzès ni kazi yake.

Shoga, ametia saruji kila mahali. Hata ule mwanya unaozunguka bwawa lote! Ule wa kujazwa mpira laini, ili mawe yakitanuka kwa jua yasipasuke. Kuna kibarua alimfukuza kwa kosa hilihili, unakumbuka?

Nikadhani ananitania. Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, umelewa asubuhi yote hii?" Mimi na mdomo wangu.

Akautazama ule mwanya, akautazama tena. Kisha akafoka, "Mpumbavu gani kaziba hapa kwa saruji?"

Mwiko alikuwa ameushika yeye, Odile. Saruji mbichi imemjaa vidoleni.

Nikasema ni mimi.

"Wewe? Binti wa fundi?" Akatikisa kichwa. "Haya, piga magoti hapa nikufundishe kabla haijakauka."

Tukaikwangua pamoja. Amenifundisha vizuri mno, kwa upole ambao sikuwahi kuuona.

Tulipomaliza, akanifundisha tena kutoka mwanzo.