Iache Ipoe

Kabiria, Nairobi
11 Machi 1951

Kwa shemeji Zadock,

Nakusalimu mimi pamoja na dada yako Naliaka. Tunakula, tunalala, na kanisani tunafika, ila Jumapili iliyopita tulifika watu wakitoka. Sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mama mkwe je, mguu wake umepona? Namsalimu nikiwa nimesimama mbali, kama inavyotakiwa.

Naanza na habari njema. Naliaka ni mja mzito tena. Usianze kukumbuka zile mimba mbili zilizotoka, maana mimi mwenyewe nimejikataza. Nesi wa hospitali kubwa amempima akasema atajifungua Julai, na kwamba Naliaka si mtu wa kuzalishwa nyumbani hata kidogo. Uchungu ukianza tu, aletwe hospitali bila kukawia. Akifika mapema, mtoto atapona. Hayo ndiyo maneno yake.

Sasa sikia. Tajiri wangu pale dukani River Road amenipa pikipiki! Ni ya kupelekea wateja misumari na kufuli, lakini jioni narudi nayo Kabiria. Ni mzee wa vita, rangi yake bado ya jeshi, na ubavuni ina kigari cha kukaa mtu mmoja. Naliaka akikaa humo amefunga leso kichwani, watu wote wanageuka. Mungai, mwenye nyumba wetu, ambaye yeye ana mkokoteni wa punda wa kupelekea mboga sokoni, hajalala vizuri tangu aione.

Lakini inanitoa jasho, shemeji. Ikitoka mjini inakwenda vizuri kabisa. Nikikaribia Kawangware inaanza kukohoa, inakohoa weee, halafu inazima. Napiga teke mpaka goti linalia. Nikikaa kando ya barabara kitambo, napiga tena, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbele kidogo, inazima tena. Mungai akinipita na punda wake ananiuliza kama nina kamba anivute. Petroli si shida, najaza tangi mpaka juu. Ilikuwa ikinirukia suruali kwenye mashimo ya barabara, lakini hilo nimelimaliza kwa ile dawa yako ya sabuni, ile uliyonionyesha ukiziba ufa wa tangi la lori siku ya arusi yetu. Sasa hairuki hata tone.

Wewe ulitengeneza magari ya jeshi kule Burma. Niambie huyu mzee anaumwa nini. Ndiye atakayempeleka Naliaka hospitali.

Ni mimi shemeji yako,
Joash Oloo


Kimilili
25 Machi 1951

Shemeji Joash,

Barua imefika. Hapa hakuna mgonjwa. Mguu wa Mama umepona mpaka ameanza kulima na kutugombeza sote. Mimi ni yule yule, na injini ya kinu cha mahindi bado inanitesa, lakini inanijua.

Habari ya mimba nilimwambia Mama. Akasema nikuandikie umlete Naliaka nyumbani mapema, kabla tumbo halijawa kubwa. Nikamwambia, Mama, huku daktari yuko wapi? Hospitali iko Nairobi, na Naliaka yuko Nairobi. Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Mwisho nikamwambia hiyo pikipiki nitaitengeneza mimi mwenyewe nikiwa hapa hapa Kimilili, kwa barua. Kwa hiyo usiniaibishe.

Fanya hivi. Mwaga petroli yote, uichuje kwa kitambaa, utaona maji na kutu. Fungua bomba chini ya tangi, safisha kichujio chake. Kisha fungua kabureta, kile kitundu chake chembamba ukipulize kwa mdomo. Usikichokoe kwa waya, nakujua! Na siku itakapozima njiani, toa plagi pale pale uniambie uso wake una rangi gani. Sabuni umefanya vizuri. Sisi tulivuka nayo mito.

Mwambie dada yangu asibebe maji.

Shemeji yako,
Zadock


Kabiria
22 Aprili 1951

Kwa shemeji Zadock,

Salamu za mvua. Matope ya Kabiria sasa yanavua watu viatu. Afya tunayo, na tumbo la Naliaka limeanza kuonekana hata kwa majirani wasio na adabu.

Nimefanya yote uliyosema. Nyakio, mke wa Mungai, alinipa kitambaa chake cha kuchujia maziwa bila kujua ni cha nini. Alipojua, alinifukuza mpaka barabarani! Petroli ilikuwa safi. Kabureta nimeipuliza mpaka nikaona nyota. Mjini, kwenye safari fupi fupi, haizimi kabisa. Ni njia hii ndefu ya nyumbani tu, asubuhi na jioni. Jana ilizima pale pale, nikatoa plagi. Uso wake ni mweupe, mkavu.

Naliaka aliniuliza, "Na siku hiyo ikizima mimi nikiwa ndani?" Nikamwambia, kaka yako yuko. Akacheka, lakini si kile kicheko chake.

Shemeji yako,
Joash


Kimilili
6 Mei 1951

Shemeji,

Sisi wazima. Sasa nimempata mwizi. Plagi nyeupe ni joto. Magineto yake, ile inayotoa cheche za plagi, ni ya zamani, inachoka ikipata moto, cheche zinakufa, injini inazima. Ikipoa, cheche zinarudi. Ndiyo maana kwenye safari fupi huoni kitu. Umeona ilivyo rahisi?

Kuna mzungu mmoja karibu na Kitale ana pikipiki mbovu ya aina hiyo. Nitamwomba magineto. Kabla sijaipata, sheria yako ni moja: ikizima, iache ipoe. Usiivuruge. Usifungue kitu chochote. Na fundi wa barabarani akija na maneno yake mfukuze. Kaa kando, iache ipoe, itawaka.

Mama bado anasema umlete Naliaka. Nimemwambia mambo ya injini aniachie mimi.

Shemeji yako,
Zadock


Kabiria
3 Juni 1951

Kwa shemeji Zadock,

Wewe ni daktari! Nakushukuru kabla hata ya kukujulia hali. Naiacha ipoe na kila mara inaamka, hata kabla magineto ya Kitale haijafika, haijanidanganya hata siku moja. Nimejua mpaka muda wake: nikimaliza kuimba nyimbo mbili za kanisani, napiga teke na tunakwenda.

Mungai anasema mwezi ujao atakuwa akimfunga punda mkokotenini kila asubuhi, awe tayari kwa ajili ya Naliaka. Nilicheka mpaka akakasirika. Mtoto wangu aingie hospitali pamoja na sukuma wiki?

Naliaka anasema nikuandikie kwamba angependa kuja kwa Mama. Amerudia mara nyingi. Nimemwambia hilo mimi na wewe tulishalimaliza.

Shemeji yako,
Joash


Kabiria
19 Julai 1951

Zadock, shemeji yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Naliaka yuko hai. Naandika hilo kwanza, usome lililobaki ukilijua.

Uchungu ulianza asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Mungai alikuwa amemfunga punda kweli, amesimama mlangoni. Nikamwambia asante, sisi tutakuwa tumefika wewe ukiwa bado unatafuta fimbo. Naliaka aliutazama mkokoteni, akanitazama mimi, akaingia kwenye kigari.

Ilizima Kawangware. Nikasema iache ipoe. Naliaka akaushika mkono wangu kwa kucha. Mungai akatufikia, akasema, "Mpandishe hapa, Joash, hapa hapa, twende." Nikamwambia inapoa sasa hivi. Ikawaka, ee shemeji, ikawaka! Tukampita na nikampungia mkono. Yeye akadhani tumekwisha fika, akageuza punda akarudi.

Ilizima tena barabara ya Ngong, mahali pasipo na nyumba. Nikangoja. Ikawaka, ikazima tena. Gari moja la mzungu lilipita, nikalipungia, halikusimama. Naliaka alikuwa ameacha kulia na hilo ndilo lililonitisha. Mwisho nikawaza labda petroli imekwisha, nikafungua tangi nichungulie. Limejaa. Nikafunga, nikapiga teke moja, ikawaka na kwenda bila kukohoa hata mara moja mpaka langoni mwa hospitali.

Walimpasua. Alikuwa mvulana, mkubwa, nywele nyingi. Daktari alisema kamba ya kitovu ilitangulia na kumnyima pumzi, na kwamba tungefika kabla yake kidogo tu angelia. Alisema pia Naliaka hatazaa tena.

Nimemzika mwanangu mimi na Mungai na mchungaji. Naliaka hasemi na mtu. Neno moja tu amesema tangu siku hiyo, "Mama." Wakimruhusu nitampandisha gari moshi aje kwenu. Mwambie Mama mkwe mimi sina uso.

Shemeji yako,
Joash


Kimilili
29 Julai 1951

Joash,

Mama amelia mpaka sauti imekatika. Mimi nimefunga kinu, nimewaambia watu wakasage kwingine.

Nimeisoma barua yako, nikafika pale unaposema ulifungua tangi ikawaka, nikashindwa kuendelea. Joash, nenda ukatazame kifuniko cha tangi. Juu yake kuna kitundu kidogo. Petroli ikishuka kwenda kwenye injini, hewa lazima iingie kupitia hapo kujaza nafasi yake. Kitundu kikizibwa, petroli inakwama hata tangi likiwa limejaa. Ukingoja, hewa kidogo inapenya kwa taabu, injini inawaka, inakwenda hatua chache, inazima. Ukifungua kifuniko inapona mara moja. Mjini, safari ni fupi mno kwa shida hiyo kuonekana. Na petroli ikikosekana plagi inakuwa nyeupe, vile vile kama kwa joto.

Ile sabuni uliipaka wapi?

Ulisema petroli ilikuwa ikikurukia suruali. Tangi likipasuka chini, petroli inadondoka, haimrukii mtu. Mtoto wa shule angeligundua. Mimi nilisoma nikakusifu. Halafu nikakuambia usifungue kitu.

Zadock, shemeji yako


Kabiria
8 Agosti 1951

Shemeji,

Naliaka ameondoka na gari moshi la Jumamosi. Nadhani barua hii itamkuta kwenu. Hakuniaga. Aliketi dirishani akitazama upande mwingine.

Nimetazama. Sabuni iko juu ya kifuniko. Niliisukuma kwenye kitundu kwa kidole changu hiki, nikailainisha vizuri, nikajisifu. Niliona petroli ikitokea pale, nikajua pamepasuka. Nimeitoa kwa mwiba. Nikaipanda pikipiki kutoka Kabiria mpaka Mutuini, nikarudi, nikaenda mjini na kurudi tena. Haikukohoa hata mara moja. Zadock, nilikuwa naomba izime. Nilikuwa naiomba kwa sauti, izime tu, ili kosa lisiwe langu.

Nakuomba jambo moja na sitakuomba jingine maishani. Usimwambie Naliaka. Mwambie lilikuwa joto la magineto, au ni uzee wa chombo, au ni mapenzi ya Mungu. Bado ni mke wangu, bila mtoto ni mke wangu, na akijua hili sitaweza kumtazama wala yeye kunitazama. Mwisho wa mwezi nimepewa ruhusa kazini. Nitakuja kumchukua. Nijibu upesi kwamba hujamwambia.

Ni mimi shemeji yako,
Joash


Kimilili
19 Agosti 1951

Joash,

Naliaka ameanza kula. Kidonda chake kinafunga. Analala kwa Mama, kitanda kimoja.

Barua yako ilipofika alikuwa ameketi uani akipepeta mahindi. Aliniuliza, "Pikipiki ilikuwa na nini?" Hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu aje. Nilikuwa na uongo wako tayari mdomoni, pamoja na wangu. Nikamwambia. Nikamweleza sabuni na kitundu, nikamweleza joto nililolitunga mimi, na kwamba ni mimi niliyekukataza kufungua. Sikukuficha wala sikujificha. Najua uliniomba. Nimeshindwa.

Hakulia. Aliendelea kupepeta. Nikafikiri atauliza habari za petroli, maana nilikuwa tayari kumweleza vizuri, unajua nilivyo. Akasema, "Kwa hiyo miezi yote hiyo mlikuwa mnaandikiana juu ya plagi. Na mimi nilisema nataka kuja kwa Mama. Nani alinijibu?"

Nilikwenda kuleta karatasi na kalamu.

Anasema usije mwisho wa mwezi. Anasema usije mwezi mwingine pia. Sabuni anaweza kukusamehe, hata mkokoteni anaweza, lakini Nairobi harudi na kwako harudi. Amenituma nikuandikie hivyo, akakaa hapa mezani nikiandika ili aone. Ni ujumbe wa kwanza wa Naliaka kupita mkononi mwangu bila mimi kuongeza langu.

Kaka yake Naliaka,
Zadock