Moyo wa Yaya kwenye Baiskeli Yangu

Bagira, Bukavu

Papa mpendwa,

Natumaini karatasi hii itakukuta umeketi nje unaota jua, si kitandani. Mguu unaendeleaje? Na bibi je, kifua kimepoa, au bado anakohoa na kugombana na dawa? Sisi huku tunapumua. Siwezi kusema zaidi ya hapo, maana tangu tumzike mwanao mkubwa, yaya wangu Déo, nyumba hii imekuwa kubwa kuliko watu waliomo. Wakati mwingine nasikia mlango, nageuka kumwita, halafu nakumbuka.

Ujumbe wako umenifikia. Baba mdogo alinipigia simu akausema wote, tena kwa sauti ya mtu anayenadi mbuzi. Kwamba familia huko Kalemie imekaa, ikaona yaya alipewa karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa na kila mtu huku. Kwamba aliyempa ni mkewe, mama Neema, kwa sababu ni mwanamke wa Bukavu na sisi ni wageni. Kwamba nimwambie aondoke kabla matanga hayajaondolewa, awaache watoto, na baba mdogo atakuja kukaa nyumbani. Akamalizia na methali yake, lisemwalo lipo. Papa, sikumjibu kwa simu kwa sababu ningemtukana, na yeye ni mdogo wako. Nimeona nikuandikie wewe, usome taratibu.

Unakumbuka yaya alikuwa analalamika kifua kinambana akipanda mlima wa Bagira. Muuguzi alimwambia anaweza kuendelea na baiskeli, lakini aangalie mapigo ya moyo, na yakizidi ashuke apumzike. Ndipo tukaenda mjini kutafuta compteur, ile saa ndogo inayofungwa kwenye usukani. Zilikuwepo za waya, yaya akazikataa. Alisema kwa mawe ya barabara zetu waya utakatika kabla hatujafika nyumbani. Tukachagua isiyo na waya. Ina kidude kwenye gurudumu cha kupima mwendo, na mkanda wa kufunga kifuani unaopeleka mapigo ya moyo kwenye saa kwa njia ya hewa. Yaya alikuwa nayo sababu. Mimi nilichukua ya kwangu kwa wivu tu, maana unajua tangu utoto ukimnunulia yeye shati, na mimi nalitaka lilelile.

Mwenye duka alitaka kutupa nyingine. "Hii mukanda yake inajuana na compteur yake tu," alisema. "Hizi zenu, mukiwa karibu-karibu zinaweza kuchanganya."

Yaya akacheka mpaka watu wakageuka. "Moyo ya mutu itapotea njia namna gani? Tupe hizi."

Mkanda ule hausomi kitu ukiwa mkavu. Lazima uloweshe upande wa ndani kwa maji au mate kabla ya kuuvaa. Yaya aliulowesha kila asubuhi kwa uangalifu wa padri, halafu akapanga saa yake imwonyeshe mwendo peke yake! Muuguzi alimwambia aangalie moyo, yeye akaangalia mbio. Nilimgombeza. Akasema moyo wake anausikia mwenyewe, hahitaji kuusoma.

Siku ile asubuhi alikunywa chai ya mkewe, ni kweli. Na mimi nilikunywa, kutoka birika hilohilo. Tulishuka mjini, tukanunua vyuma vya breki, tukaanza kurudi. Kwenye mlima tulikuwa tunapanda sambamba, kiwiko kwa kiwiko, tukibishana juu ya mpira. Nikatupa jicho kwenye saa yangu, nikaona mia moja na tisini, na inazidi. Kifuani mimi sikusikia kitu. Lakini nilimkumbuka Maman alivyokufa ghafla, nikaogopa sana.

"Yaya, ngoja! Moyo yangu iko mbio sana!"

"Umekuwa muzee mbele yangu? Kaa pale upumuzike, petit. Mi niko napanda."

Nikashuka. Yeye akaendelea, amesimama juu ya pedali kama kawaida yake, akapotea kwenye kona. Mara ile namba ikafutika kwenye saa yangu, nikadhani moyo wangu umetulia. Papa, nilimshukuru Mungu. Nilikaa juu ya jiwe nikamshukuru Mungu, na wakati huohuo mwanao alikuwa anaanguka huko juu, nyuma ya kona. Nilipofika, wanawake wawili waliokuwa wakiuza mihogo walikuwa wamemlaza kwenye kitenge. Hospitali alifika amekwisha kufa.

Baada ya mazishi nilimpelekea mwenye duka saa yangu, nikimwambia ni mbovu, inanitisha bure. Akauliza swali moja tu.

"Siku ile mukanda yako, uliiloweshaka?"

Sikuulowesha. Nilikuwa na haraka. Wangu ulikuwa mkavu, kimya, na saa yangu ikadaka ule uliokuwa unasema karibu nayo.

Sikuamini mpaka nilipojaribu nyumbani. Nilimwomba shemeji afunge mkanda wa yaya, na mimi sikuvaa kitu. Nikasimama karibu yake na saa mkononi, mapigo yake yakatokea. Akaenda mlangoni, yakapotea. Akarudi, yakarudi.

"Kumbe ulionaka moyo ya bwana yangu," aliniambia.

Nikamjibu ndiyo. Akaketi chini akalia, na mimi nikalia, na binti yake Neema alipotukuta akalia bila kujua tunalia nini.

Basi, Papa, hiyo ndiyo karuho iliyomuua yaya. Niliiona kwa macho yangu, nikadhani ni yangu. Maman alianguka vilevile sokoni, kikapu mkononi, na hakuna mwanamke wa Bukavu aliyempikia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, siwezi kukufundisha wewe kulia. Lakini wahenga walisema pia kufa kufaana, na huyo anayetaka kuhamia nyumba hii ametaja milango na mabati mara nyingi kuliko alivyomtaja marehemu.

Ulinituma nimfukuze shemeji. Sijamwambia neno, wala sitamwambia. Lakini amesikia kwa watu. Wale wa kwetu waliokuja matanga walikataa chakula chake mbele yake, wakatoka kununua mikate. Jana nimemkuta anakunja nguo za watoto, mfuko wa kila mmoja peke yake. Kama ni lazima aondoke, njoo umwambie mwenyewe, uingie kwake, uketi mezani kwake, umtazame usoni.

Nisalimie bibi, umwambie dawa anywe. Nisalimie dada yetu mkubwa na mumewe, na katekista aliyetuombea misa. Hata baba mdogo msalimie, ni damu yetu.

Mimi leo mchana nimekula kwa mama Neema, bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nimemaliza sahani yote mbele ya watu wote.

Niko hai, Papa.

Mwanao uliyebaki naye,
Amani