Tuta la Chini ya Kiyoyozi cha Boaz

CHAMA CHA WAKULIMA WA UANI, RASHIDIYA, DUBAI
KIKAO CHA IJUMAA, TAREHE 7 DESEMBA 2007

Mahali: Uani, nyuma ya vila tunayopanga, kwenye mkeka wa Mwenyekiti.

Waliohudhuria:
Bw. Mahfudh – Mwenyekiti
Bi. Annah – Katibu
Bi. Auleria – Mwanachama, anayeishi chumba kimoja na Katibu
Bw. Boaz – Mwanachama
Bi. Rosette – Mwanachama mpya

Mwalikwa: Bi Amna, mama mzazi wa mwenye nyumba.

Hakuhudhuria: Bw. Dancan, yuko zamu hotelini Al Barsha. Aliomba udhuru na kuomba pia abakishiwe mchicha. Hakusema wa nani.

KUMB. NA. 1/12/2007: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao baada ya swala ya Ijumaa na chakula cha mchana. Alimkaribisha Bi Amna, aliyezaliwa Unguja, na ambaye Kiswahili chake hutufanya sisi wengine tujikune vichwa. Bi Amna alisema kwamba hakuja mkutanoni, amekuja kutazama mchicha wa Rosette. Katibu aliuliza kama yapo matuta mengine angependa kuyatazama. Bi Amna alijibu kwamba atayaona akipita.

KUMB. NA. 2/12/2007: TAARIFA YA MSIMU

Mwenyekiti alieleza kwamba msimu umekwenda vizuri kwa kila mtu isipokuwa yeye. Alikiri kwamba alipanda bamia mwezi wa nane, wakati mchanga bado unachoma nyayo, kwa sababu usiku mmoja alisikia kaupepo akadhani joto limekwisha. Bamia ziliota, zikakauka. Alipanda tena, zikakauka tena.

Bi Amna alisema: "Nilikwambia usubiri nyota ya Suheli itoke, ile ya kuaga joto, na ikishatoka usubiri tena. Weye ukaniona bibi kizee." Mwenyekiti alisema hakumbuki kuambiwa. Auleria alisema yeye anakumbuka, alikuwepo akianika nguo.

Ilikubaliwa kwamba kuanzia sasa mbegu zitiwe kwenye makopo kivulini mwezi wa tisa, na miche ishuke ardhini mwezi wa kumi joto likishavunjika. Huku hatungojei mvua kama nyumbani. Tunangoja jua lituonee huruma.

KUMB. NA. 3/12/2007: MAVUNO

Auleria alitoa taarifa ya dania na kunde, zote nzuri. Katibu alitoa taarifa ya sukuma wiki. Majani ni machache lakini ni mazito. Nyanya zake zimeshikwa na vidudu vyeupe, jambo linaloweza kumpata mkulima yeyote.

Rosette hakutoa taarifa. Alileta beseni zima la mchicha uliopikwa kwa karanga, bila kuombwa na mtu, akaliweka katikati ya mkeka. Wajumbe wote walikula. Mwenyekiti alirudia mara mbili na kusema, "Mashallah, mkono wa huyu binti!" Katibu alionja kidogo kwa ajili ya kumbukumbu hizi. Ulikuwa mtamu.

KUMB. NA. 4/12/2007: TUTA LA CHINI YA KIYOYOZI

Katibu aliwasilisha malalamiko yake. Alieleza kwamba bomba la uani hutoa maji ya kisima yenye chumvi, na kila mwanachama anajua chumvi inavyounguza majani. Maji pekee yasiyo na chumvi huku nje ni yale yanayodondoka kutoka kiyoyozi cha chumba cha Boaz, nayo hudondokea tuta moja tu, kutwa kucha. Tuta hilo ni la Rosette, aliyekuja Dubai juzi juzi. Katibu ana miaka sita kwenye nyumba hii na tuta lake liko getini, linakopigwa na vumbi na moshi wa magari. Aliomba wabadilishane.

Rosette alisema: "Dada Annah, kura ya kugawana matuta tulipiga wote mwezi wa tisa. Na kofia yenye vikaratasi uliishika wewe."

Katibu alikubali kwamba aliishika. Alisema kushika kofia si kuona kilichomo.

Mwenyekiti aliwasihi wajumbe wasivunjiane heshima kwa sababu ya mboga. Hapo Bi Amna akajifunika shali vizuri na kuuliza: "Hebu niambieni, hii mashine inanguruma ya nini na kibaridi hiki?"

Wajumbe wote walitazama juu. Kiyoyozi cha Boaz kilikuwa kimewashwa. Katibu anaandika kwamba kimekuwa kikiwashwa hivyo tangu vya wengine vilipozimwa, na kila mtu alikiona, na kila mtu alinyamaza.

Boaz alisema yeye ni mtu wa kusikia joto sana. Alisema hivyo akiwa amevaa jaketi la kazini, lile zito la walinzi wa usiku, na kofia ya sufu. Kisha alikohoa. Auleria alisema kikohozi hicho kinapita ukutani na kwamba yeye na Katibu hukisikia kila siku.

Katibu aliuliza, na anaandika kama alivyouliza: "Boaz, unamwashia nani?"

Boaz alijibu: "Annah, please. Ni room yangu."

Rosette aliinama akaanza kuokota majani makavu ambayo hayakuwepo.

Mwaka jana Boaz alikuwa akimbebea Katibu ndoo za maji ya jikoni, yale matamu, kila akirudi kutoka kazini asubuhi, hadi getini. Hakuombwa. Jambo hili halikuwa kwenye ajenda lakini ni kweli, na Katibu aliona wivu, na bado anauona anapoandika. Auleria amesoma sentensi hii na kushauri ifutwe. Haikufutwa.

Mwenyekiti aliitisha kura ya mikono. Waliotaka matuta yabadilishwe walikuwa Katibu, Auleria na Mwenyekiti mwenyewe, aliyesema anatetea haki za wakongwe. Bi Amna alisema huyo anatetea bamia zake zilizoungua. Rosette alikataa. Boaz hakunyanyua mkono upande wowote.

Iliazimiwa kwamba tuta la chini ya kiyoyozi ni la Katibu kuanzia leo, na Rosette ahamie getini. Katibu alipendekeza mchicha uliomo ubaki ulipo. Mwenyekiti alikataa, akisema, "La, hapo umezidi sasa, dada. Mtu huchukua alichopanda."

Rosette alisema, "Khalas, chukua," akaenda kutafuta jembe.

KUMB. NA. 5/12/2007: MENGINEYO

Boaz aliomba ruhusa ya kuingia ndani mara moja. Alipewa.

Punde kiyoyozi kilizimika. Ndipo wajumbe walipogundua kwamba walikuwa wakizungumza kwa kupaza sauti muda wote huo. Mwenyekiti alisema, "Ah! Kumbe tunasikilizana."

Boaz alitoka bila jaketi. Mkononi alikuwa na ndoo ya maji kutoka jikoni. Alipita kwenye mkeka, akaipeleka getini, kisha akarudi kumsaidia Rosette kung'oa miche michanga pamoja na udongo wake. Kazi hiyo ilifanyika mbele ya kikao, polepole, wakiongea kwa sauti ya chini.

Katibu, kupitia kwa Mwenyekiti, aliuliza kiyoyozi kitawashwa tena lini, kwa kuwa tuta lake jipya litahitaji maji.

Boaz alisimama na mche mkononi. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema: "Annah, hii ni December. Nani huwasha AC December?"

Katibu aliandika jibu hilo kama lilivyotolewa.

KUMB. NA. 6/12/2007: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alikunja mkeka saa kumi na nusu jioni na kikao kikaishia hapo. Waliokuwepo hadi mwisho ni Mwenyekiti, Auleria na Katibu. Wengine wote walikuwa getini.

Imethibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

.................................
Mahfudh, Mwenyekiti

.................................
Annah, Katibu