Miwani ya Baba na Kampuni ya Dhahabu

Mwanangu,

Msomee baba yako kwa sauti, maana miwani yake nimeificha. Chakula kiko jikoni, kipashe moto tu. Fundi bomba akija asiondoke mpaka ufungue maji uone.

Asubuhi baba yako kaniletea fomu ya hisa za kampuni changa ya dhahabu. Anataka kutia pesa yote tuliyoweka ya kuezeka paa! Nikamuuliza wamechimba wapi, akanionyesha picha ya mlima. Mzee wangu, mimi ni sonara. Miaka ishirini nayeyusha dhahabu, sijawahi kuyeyusha picha. Naye akanijibu eti naogopa kutajirika! Hilo limeniuma, ndiyo maana nimeficha miwani asijaze fomu, nikatoka bila kuaga.

~~Asinunue hata hisa moja.~~

Haya, anunue chache, za pesa ambayo hata ikipotea tutacheka. Ya paa isiguswe, mvua haisubiri mlima. Siku wakipata dhahabu kweli, nitamwomba radhi dukani, mbele ya wateja wangu wote.

Hapa chini usimsomee: miwani iko kwenye mfuko wa koti lake la kijivu. Mpe akishacheka.

Mama