Nilimwapia Hawataukata Mkono, Hata Akilala

Mshauri wetu mpendwa, nisamehe mwandiko, nimesoma hadi darasa la sita tu, lakini naomba unijibu kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, maana ndiyo siku tuliyopewa na ikinipita sijui kama tutapewa nyingine.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Binti yangu wa kwanza ana miaka kumi na mmoja, nyumbani tunamwita Ticha kwa sababu tangu aanze shule hakuna aliyepumzika, mdogo wake wa miaka minne anakalishwa kila jioni mbele ya mlango wa kabati ulioandikwa chaki na akikosea anaambiwa arudie, hata mimi nimeshaambiwa nirudie. Mwanzoni mwa mwaka bega lake la kulia lilianza kumuuma, nikadhani ni ndoo za maji, nikamkanda kwa maji ya moto, wifi yangu naye akaleta mafuta yake akamkanda, tukakanda mwezi mzima huku uvimbe unakua tunauona, mpaka siku aliponyanyua mkono afute chaki akapiga ukelele akakaa chini. Hospitali walipiga picha, wakakata kinyama wakakipeleka kupimwa, jibu likaja ni saratani ya mfupa, iko kwenye mfupa wa juu wa mkono, karibu na bega.

Mshauri, mimi nilijua ukiambiwa saratani unaanza kutafuta sanda. Lakini daktari wa mifupa, mama mmoja anayeongea polepole, alinichorea kwenye karatasi akasema siku hizi si lazima mkono uondoke, kwanza mtoto anapewa dawa kali za dripu wiki kumi ili uvimbe unywee, kisha wanapasua, wanautoa ule mfupa ulioharibika wanaweka chuma mahali pake, kiganja kinabaki, vidole vinabaki, ataandika vizuri tu, ila hatanyanyua mkono juu ya bega tena. Nilitoka pale nacheka peke yangu barabarani watu wananiangalia. Jioni nikiwa namwogesha Ticha akaniuliza, "Mama, wataukata?" Nikasema hawataukata. Nikammwagia maji, akauliza tena, "Hata nikilala?" Alishasikia wodini kwamba wanakulaza usingizi kwanza. Nikamshika uso nikamwambia, "Hata ukilala. Nakuapia."

Dawa zile sitazieleza sana. Nywele zilitoka zote, kucha zikawa nyeusi, alitapika hadi hakuna cha kutapika, na bado akichomwa sindano alikuwa anasema ngoja tu, uvimbe unanywea.

Sasa Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Hajala tangu jana yake, kavalishwa lile gauni la kufungwa mgongoni, nesi akaniletea fomu nitie sahihi, nikaisoma kwa kidole. Mstari wa kwanza ulikuwa huo wa kutoa mfupa na kuweka chuma. Mstari wa pili ukasema kama wakifungua wakakuta uvimbe umeushika mshipa mkubwa wa damu, basi naridhia waukate mkono wote kuanzia begani. Nesi alikuwa amegeuka anampima joto mtoto wa kitanda cha pili. Nikaupiga ule mstari kalamu mara mbili ukafutika, kisha nikatia sahihi chini, na nilijiona mjanja.

Daktari akaja na ile fomu mpaka kitandani. Hakugomba, aliniita pembeni akasema kwa fomu hii hawezi kumpasua, maana akikuta ugonjwa umefika kwenye mshipa itabidi amshone auache humo humo, na ukiachwa utapanda kwenye mapafu umuue. Akasema picha inaonyesha bado kuna nafasi kati ya uvimbe na mshipa, nyembamba kama ukucha, kwa hiyo tumaini la kuunusuru mkono ni kubwa, ila uhakika ataupata akishafungua, si kabla. Tukarudishwa nyumbani. Ticha na njaa yake akaniuliza kwa nini, nikamwambia umeme umekatika. Taa zilikuwa zinawaka.

Baba yao ni fundi baiskeli, nikimuuliza anasema wewe ndiye mama yake, fanya utakavyoona, halafu anainamia tairi lake. Wifi amehamia kwangu wiki nzima, anasema mtoto wa kike wa mkono mmoja nani atamchumbia, bora aende na viungo vyake alivyokuja navyo. Anasema kwa sauti ya chini, lakini kati ya sebule yetu na kitanda cha watoto kuna pazia tu. Kazini nikipiga pasi shati la mtoto nikifika upande wa kulia nasimama, shati moja liliungua kola hivi hivi naliangalia, mpaka bosi amenihamishia kwenye mashuka. Na mimi mwenyewe nimekuwa mkali. Juzi nimefungua begi la shule la Ticha nikakuta daftari lake limeharibiwa kurasa za nyuma, mistari na mistari ya herufi zimelala kama zimelewa, kurasa sita nzima, nikampiga kofi mdogo wake kwa kuchezea daftari la dada yake, akalia akasema si yeye, na Ticha alikuwepo pale kitandani anatuangalia, akageukia ukutani. Nakuandikia haya ujue nyumba imekuwaje.

Nimefikiria nitie sahihi mistari yote miwili na nisimwambie kitu. Mungu ni mwema, huenda wakaunusuru, basi hatajua kamwe. Na wakiukata nitamwambia ni daktari, mimi sikujua. Nitakuwa nimekosea? Tumaini bado ninalo, mshauri, sijalitupa. Nisaidie.

Mama Ticha, mpiga pasi

*

Mama Ticha,

Barua yako nimeipitisha mbele ya zilizoitangulia, wenyewe wataniwia radhi.

Pole sana. Kwa kule kumkanda mwezi mzima usijilaumu, ulidhani ni ndoo za maji na mama yeyote angekanda. Ila kwa kalamu ile nitakugombeza, kwa sababu pale ulijua unachofanya.

Ulifuta mstari ili uulinde mkono. Sasa tazama ulichoulinda. Dripu zimekwisha, kati ya uvimbe na mshipa kuna nafasi ya ukucha, na wewe umeupa ugonjwa wiki mbili za bure. Kama kuna kitakachoupoteza mkono huo, cha kwanza ni kungoja. Sisemi umeshapotea, daktari asingekupa Alhamisi nyingine kama hakuna cha kutumainia. Nasema usiongeze hata siku moja.

Na hilo la kumsingizia daktari litoe kichwani leo. Mkono ubaki au uondoke, dawa zile kwa kawaida huendelea miezi kadhaa baada ya upasuaji. Unataka binti yako awanyooshee mkono wa kushoto watu wale wale uliomwambia walimwibia wa kulia? Na sahihi yako iko kwenye faili lao. Siku moja atakuwa mkubwa ataiomba aisome, na huyo, kwa jinsi ulivyomweleza, atasoma hadi nukta.

Baba watoto aache tairi. Jumatano afuatane nawe amsikie daktari kwa masikio yake. "Fanya utakavyoona" si ruhusa, ni kukimbia huku umekaa. Wifi naye mwambie mchumba bado hajaonekana, ugonjwa umeshaonekana. Akitaka kusaidia, Alhamisi abaki na yule mdogo. Akitaka kuongea, akaongelee kwake.

Nimebakiza lile daftari. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimesimama hapo. Mtoto wa miaka minne hajazi mistari kurasa sita. Anachora jua, anachora mbuzi mwenye miguu mitano, anachoka anakwenda zake. Herufi zilizolala vile na bado zikafuata mstari ni za mtu anayejua kuandika, ila ameshika kalamu kwa mkono ambao haujazoea. Inawezekana ni kwa vile wa kulia unamuuma, siwezi kukuapia. Lakini mbona ameziweka nyuma ya daftari? Na mbona alinyamaza mdogo wake akipigwa, yeye asiyeacha kosa la mtu lipite bila kurudiwa? Alishalisikia pazia. Aliziona taa zinawaka. Mama, nadhani mwanao anajua, na anajifunza kwa siri ili wewe usijue kwamba anajua. Hicho kiapo chako sasa anakibeba yeye, pamoja na bega lake.

Mtue. Leo, chai ikishanyweka, kaa kitandani kwake umwambie kwa maneno machache, "Nilikuapia jambo ambalo halikuwa langu kuliapia. Daktari atajitahidi mkono ubaki. Akikuta ugonjwa umeushika mshipa, atautoa, ili ubaki wewe. Nimekubali." Ishia hapo, usibandike ahadi nyingine juu yake. Akilia mwache alie. Akikukasirikia, kaa hapo hapo ukasirikiwe. Akikuuliza usilolijua, sema sijui. Jumatano mwombe daktari amchoree na yeye ule mchoro aliokuchorea wewe. Mkubaliane nani atakuwa kando yake akizinduka, na awe wewe, na chochote kilichotokea ndani, akisikie kutoka kwako kabla hajapapasa shuka kutafuta. Kisha tia sahihi mistari yote miwili, uweke kalamu chini.

Mnunulie daftari jipya aandike mezani, kwa mkono wa kushoto, mbele yenu wote. Chuma kikikaa vizuri, atakuwa na mikono miwili inayoandika na mtakoma naye. Kisipowezekana, atakuwa ameshaanza.

Ila kabla ya yote hayo, mwite yule mdogo umwombe radhi. Alikwambia si yeye.