Nywele za Marehemu Ndugu Hildemari

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA WATAWA, MONASTERI YA HAMARIKO

Tarehe: Jumamosi ya pili ya Kwaresima, mwaka wa nne wa mfalme mpya
Mahali: Chumba cha baraza, baada ya sala ya asubuhi

Waliohudhuria: Baba Abate Raganfredi (Mwenyekiti), Ndugu Gundoini, mtunza ghala, Ndugu Ansoaldo, kinyozi, Ndugu Walderiko (Katibu), na watawa wengine kumi na wanane.
Asiyehudhuria: Ndugu Hildemari, zamani mfalme. Udhuru: alifariki jana, amelazwa kanisani.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala. Alieleza kwamba mjumbe wa ikulu angefika adhuhuri kuukagua mwili.

KUMB. NA. 2/4: WASIFU WA MAREHEMU
Katibu alitakiwa kusoma wasifu mfupi. Alisoma kwamba marehemu alitawala Wafranki miaka minane, kwa jina tu. Kila masika alipandishwa gari la ng'ombe, akapelekwa mbele ya wakuu, akasema aliyofundishwa na Msimamizi wa Ikulu, akarudishwa nyumbani. Mwishowe Msimamizi akautaka na ufalme wenyewe. Katika ukoo wa marehemu mfalme ni nywele; akikatwa, si mfalme tena. Marehemu alikatwa zake, zilizokuwa zimemfika kiunoni, akaletwa kwetu.

Ndugu Gundoini alisema, "Aliye juu mngoje chini."

KUMB. NA. 3/4: NYWELE
Ndugu Ansoaldo alitakiwa kueleza kwa nini marehemu, aliyepaswa kunyolewa kila Jumamosi, amekutwa na nywele zilizofunika kichwa kizima. Alijibu kwamba ni homa, tangu Noeli.

"Homa gani inazuia wembe?" aliuliza Ndugu Gundoini. "Wewe ulikuwa unamfugia ufalme kichwani!"

"Aliniomba, Baba Abate," alisema Ndugu Ansoaldo. "Aliniambia, 'Ansoaldo, niache nife na kichwa changu.' Ningemjibu nini?"

Mwenyekiti alionya kwamba mjumbe akiziona, ikulu itasema tunatunza mfalme wa pili. Alikumbusha kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

"Zetu zilishanyolewa, Baba. Tutie maji nini tena?" aliuliza mtawa mmoja.

"Shingo, mwanangu," alijibu Mwenyekiti.

Kura zilipigwa. Waliotaka marehemu anyolewe walikuwa kumi na tisa, aliyekataa mmoja. Katibu hakunyosha mkono upande wowote, na anaona aibu kuliandika hilo.

Ndugu Gundoini alijitolea kuifanya kazi hiyo. Ndugu Ansoaldo alisimama, akasema, "Usimguse. Kama ni lazima, nitamnyoa mimi. Mkono wangu anaujua." Ilikubaliwa.

KUMB. NA. 4/4: VITU ALIVYOACHA
Ndugu Gundoini aliwasilisha kitu kimoja, kitana cha mfupa chenye mapengo, kilichokutwa chini ya godoro. Aliuliza mtu mwenye kipara alikuwa anachana nini.

"Kila Jumamosi nikishamnyoa ananipa hicho, nimchane," alijibu Ndugu Ansoaldo. "Namchana hivyo hivyo, ngozi tupu. Anafumba macho. Nikiacha ananiambia, 'Bado, bado, huku nyuma.'"

Ndugu Gundoini alikifuta kitana kwa kanzu yake, akakiweka mezani mbele ya Ndugu Ansoaldo.

Mwenyekiti aliagiza nywele zikishanyolewa zichomwe. Ndugu Ansoaldo aliomba zilazwe ndani ya jeneza, chini ya kichwa cha mwenyewe, pamoja na kitana. Mwenyekiti alitazama dirishani, akasema kwamba hakusikia ombi lolote. Kwa kuwa ombi halikusikika, halikukataliwa.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa tatu asubuhi. Ndugu Ansoaldo hakuingojea sala ya mwisho. Alikuwa jikoni akichemsha maji, kwa maelezo kwamba ya baridi marehemu hakuyapenda.

Raganfredi, Mwenyekiti ........................
Walderiko, Katibu ........................